Mjadala: Programu ya fedha binafsi isiyouza siri za mtumiaji, nani aigharimie?

Mtoa mada

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili nani agharimie programu ya kutunza hesabu za fedha binafsi ikiwa msanidi wake anajitegemea, hauzi taarifa za watu na haweki matangazo. Msimamo wangu ni kwamba alipe mtumiaji, tena alipie kile tu kinacholeta gharama kila mwezi.

Orodha ya miamala ni siri nzito kuliko wengi wanavyodhani. Malipo ya kliniki yanayojirudia kila baada ya wiki mbili, kodi ya nyumba iliyoanza kuchelewa, mshahara ulioingia pungufu: anayeyasoma haya kwa pamoja anamjua mwenye akaunti kuliko ndugu zake wanavyomjua. Mint, programu ya bajeti ya Marekani iliyonunuliwa na kampuni ya programu za fedha ya Intuit mwaka 2009 kwa dola milioni 170, ilikuwa ya bure kwa kuwa ilijipatia mapato kwa kuwaelekeza watumiaji kwenye kadi za mikopo na bidhaa nyingine za fedha. Mtu aliifungua ili adhibiti matumizi yake, ilhali programu ilinufaika pale alipochukua kadi mpya. Machi 2024 ilifungwa. Hata ukubwa wote huo haukuihakikishia uhai.

Mchangiaji

Ndugu mtoa mada, kuhusu uzito wa siri hizo sina ubishi. Ninachopinga ni ada. Anayelazimika kuhesabu kila senti ndiye asiyeweza kuilipa. YNAB, programu nyingine ya bajeti, iliacha kuuza programu kwa malipo ya mara moja mwishoni mwa 2015 ikahamia kwenye ada, na mwaka 2024 ada hiyo ilifikia dola 109 kwa mwaka. Kwa mwendo huo faragha itabaki kuwa mali ya wenye nacho. GnuCash, programu ya hesabu ambayo ni huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuuboresha, ipo tangu 1998 kwa nguvu za watu wanaojitolea. Kwa nini tusiifuate njia hiyo?

Mtoa mada

Hoja yako ni ya haki, na ndiyo maana nasisitiza tutenganishe gharama. GnuCash imedumu kwa sababu faili la hesabu linakaa kwenye kompyuta ya mtumiaji, hivyo wakiongezeka watu elfu moja kesho, hakuna bili ya seva, yaani kompyuta ya kuhifadhia data za watumiaji mtandaoni, inayopanda. Mambo hubadilika pale mtumiaji anapotaka miamala iingie yenyewe kutoka benki, kwani hapo huwapo kampuni ya kati inayodai malipo muda wote akaunti inapokuwa imeunganishwa. Michango haiwezi kubeba mzigo huo: bili huja kwa tarehe, mchango huja mtu anapokumbuka. Ruzuku, kama zile za NLnet, taasisi ya Uholanzi inayofadhili programu huria, hufaa kwa kazi yenye mwanzo na mwisho, tuseme kujenga usimbaji fiche (kuzifunga taarifa ili asizisome mwingine), lakini haziendeshi huduma miaka nenda rudi.

Tazama Actual, programu ya bajeti iliyokuwa ya kulipia hadi 2022 ilipogeuzwa kuwa programu huria. Mtumiaji wa Marekani anayetaka kuunganisha benki hujiandikisha mwenyewe kwa SimpleFIN, huduma ya kati inayovuta miamala kutoka benki, na kuilipa moja kwa moja dola 15 kwa mwaka, na miamala huishia kwenye seva anayoimiliki yeye. Wasanidi hawaioni miamala hiyo wala hawaibebi gharama yake. Upungufu wa mpango huu ni kwamba muda wao bado haulipwi, na hapo ningefuata mfano wa Obsidian, programu ya kuandikia kumbukumbu, ambayo ni ya bure lakini huduma yake ya kusawazisha kumbukumbu kati ya vifaa vya mtumiaji hulipiwa, na maandishi husimbwa kabla hayajatoka kwenye kifaa cha mwenyewe.

Kwa asiye na uwezo wa kulipa, njia ya kupakua taarifa ya benki na kuiingiza kama faili lazima iwe ya bure na itengenezwe kwa uangalifu uleule. Nyingi ni mbovu: tarehe 3 Aprili ikiandikwa 03/04 husomeka 4 Machi, na fedha iliyotoka huhesabiwa kuwa imeingia kwa sababu benki haikuweka alama ya kutoa. Msanidi anayeuacha ubovu huo makusudi ili watu wakimbilie huduma ya kulipia anamwonea yuleyule unayemtetea, na katika hilo niko upande wako kabisa. Nawaomba wanaoendesha huduma ya kusawazisha watueleze: je, ada hiyo peke yake inatosha kumlipa msanidi mmoja kwa kazi ya kutwa?