Madam anastaafu Desemba. Tunabaki na nini?

Mwalimu_wa_Stima

Hamjambo wanajukwaa. Mimi hufundisha umeme katika chuo cha ufundi huku Eastlands, Nairobi. Mkuu wetu, ambaye sote humwita Madam, anafikisha miaka 60 na Desemba anafunga virago. Kamati ya kumuaga imeshaanza kuchangisha: mbuzi, keki, begi la safari, na kuna mzee mmoja wa bodi anayeng'ang'ania ukumbi upewe jina la Madam. Mimi nimepewa kazi ya kuandika hotuba kuhusu aliyotufanyia. Hapo ndipo nimekwama, maana alichofanya hakiko kwenye karatasi yoyote.

Madam alianza kama mwalimu wa ushonaji. Enzi hizo alikuwa na msichana aliyekata kitambaa kwa jicho tu na nguo ikamkaa mteja sawasawa. Lakini mwambie aandike vipimo: 36 inakuwa 63, kiuno kinaingia kwenye safu ya mabega. Mtihani wa nadharia ukawa unamwangusha kila muhula. Badala ya kumrudisha nyumbani, Madam alimchorea umbo la mtu kwenye karatasi, akamwambia kila kipimo akiandike palepale kinapopimwa mwilini. Makosa yakapungua. Alipopanda kuwa mkuu akausambaza mtindo huo idara zote, kila idara kwa namna yake.

Kwangu, mwanafunzi mwenye disleksia, yaani yule ambaye kusoma na kuandika humpa shida ingawa akili anayo, huchora sakiti kwanza, kisha ananieleza kwa mdomo nami namrekodi kwa simu. Somo huwafikia kwa sauti kwenye WhatsApp jioni ya kuamkia kipindi, ili ninapogusa ubao kusiwe na jambo geni. Karatasi za mitihani ya ndani hupigwa chapa kwa herufi kubwa zisizo na mikia, mistari imeachana, swali moja ukurasa mmoja. Na kile chumba kidogo kando ya stoo ya vifaa ni cha wanaosomewa mtihani. Msomaji hutoka idara nyingine kwa makusudi. Mwalimu wa upishi akisoma swali la umeme hawezi kudokeza jibu hata akitaka, kwa sababu halijui.

Ila yote haya yako kichwani mwa Madam. Yeye ndiye anayejua nani asomewe na nani aongezewe muda, na asubuhi ya mtihani ni yeye anayempigia simu yule wa upishi. Je, kuna aliyewahi kuona mkuu wa aina hii akiondoka na kazi yake ikabaki? Ilibakishwa vipi? Hotuba naweza kuiandika hata ndani ya matatu, hilo lisiwasumbue.

Mpimaji_Mstaafu

Salamu mwalimu. Nimefanya kazi ya kupima watoto wenye mahitaji maalum mpaka nikastaafu. Vituo vya upimaji vya wizara, EARC, vilianza 1984, na KISE, taasisi ya taifa ya elimu maalum pale Kasarani, ikaanzishwa 1986, kwa hiyo wakuu wazuri nimeona wakija na wakienda. Wahenga hawakukosea, asiyekuwepo na lake halipo. Weka hotuba kando, mkalishe Madam na afisa wa mitihani mapema, kabla shamrashamra hazijaanza.

Watu hudhani mkuu mpya huua mpango kwa roho mbaya. Hapana. Anafika Januari, anakuta chumba kando ya stoo, anauliza ni cha nini. Hakuna mwenye jibu la maandishi. Wiki inayofuata kimekuwa ofisi ya naibu wake, na hakuna hata aliyekosana na mtu.

Kwa hiyo, kwanza huo utaratibu upelekwe mbele ya bodi ya masomo, ujadiliwe, uingie kwenye kumbukumbu za mkutano na kanuni za mitihani. Halafu pesa. Hapa ndipo wengi hulegea. Hata kama ni rimu chache za karatasi na posho ndogo ya wasomaji, iwe na fungu lake kwenye bajeti. Jambo lenye fungu, mhasibu ataliulizia mwenyewe mwaka ukianza, bila kusukumwa. Na mwalimu mmoja apewe jukumu hilo kwa barua. Akihama, barua inamfuata mwingine.

La mwisho ni faili. Kila mwanafunzi anayesaidiwa awe na ripoti ya upimaji, kutoka KISE au EARC iliyo karibu naye. Ndani ya chuo neno la Madam limetosha, lakini baraza la mitihani halimjui Madam. Maombi ya mpangilio maalum hupitia chuoni, na yanataka karatasi. Usingoje mwezi wa mtihani.

Wakikuuliza mnatoa wapi mamlaka, waonyeshe kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachohusu haki za watu wenye ulemavu, halafu sera ya wizara ya 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu. Hiyo sera inagusa na vyuo kama chenu, si shule za msingi pekee.

Bw_Hesabu

Mgala muue na haki yake mpe, Madam ana moyo. Lakini mimi ni kontrakta, na kwenye mjengo hakuna wa kukusomea. Fundi anayeandika 63 badala ya 36 nimpe nyumba ya mtu aunganishe stima? Mnawapa cheti kwa huruma halafu sisi ndio tunabeba lawama nyumba ikiungua.

Mwalimu_wa_Stima

Kontrakta, swali lako ni halali. Ila mtihani wa vitendo hakuna anayepunguziwa kitu. Waya wa kahawia ni wa kahawia, wa buluu ni wa buluu, wa kijani na manjano ni wa ardhini. Disleksia haifuti rangi machoni. Na hakuna fundi wangu anayewasha mtambo kwa kukumbuka alichoandika. Anapima kwa testa, anapima tena kwa mita. Ukiniuliza, wanaonitia hofu ni wale wa alama A ya nadharia ambao mita wanaiacha ndani ya begi.

Cherehani_Umoja

Naomba nijibu kontrakta kwa sababu mimi ndiye mtu anayezungumziwa. Si wa chuo hicho, nilisomea kwingine, lakini herufi zinanichezea tangu darasa la kwanza. Leo nina duka la kushona na mashine zangu mwenyewe. Mteja akiniletea maandishi marefu nayapiga picha, simu inanisomea. Vipimo namwambia mteja avisome kwa sauti kutoka kwenye kitabu changu kabla sijakata. Hakuna mteja aliyewahi kukasirika, wengi hupenda, wanaona niko makini. Kazini sijawahi kukatazwa kupima mara ya pili. Ni kwenye chumba cha mtihani tu ndiko nilikonyimwa.

Mwalimu, nikuambie na jambo ambalo labda Madam hakuambiwa. Huko nilikosoma tulikuwa na chumba chetu pia, na tulikuwa na jina. "Wale wa chumbani." Siku ya mtihani unasimama mbele ya wenzako wote, unaitwa, unatoka na kalamu yako. Wawili wetu walikataa kwenda, wakaamua bora waanguke. Basi mkiandika hizo kanuni, fomu wapewe wanafunzi wote wiki ya kwanza, kila mmoja aijaze: unapenda kusoma mwenyewe au kusomewa, unahitaji herufi kubwa au hapana. Na ratiba ya vyumba ibandikwe ikiwa na namba za wanafunzi, bila majina. Hilo halina gharama.

Shangazi_wa_Ngara

Mpwa wangu yuko Marekani na mwanawe ana shida hiihii, kwa hiyo nimefuatilia. Kule wana vyuo vilivyojengwa kwa ajili yao kabisa. Landmark, mji wa Putney jimbo la Vermont, kilianza 1985 kwa vijana wenye disleksia. Beacon, Leesburg kule Florida, kilianzishwa na wazazi 1989, na kila mwanafunzi ana mtaalamu wake wa kumfuatilia jinsi anavyojifunza. Vizuri sana, ila Landmark kimewahi kutajwa kati ya vyuo ghali zaidi nchini mwao. Mpwa wangu aliangalia ada akafunga kompyuta.

Kilichonivutia mimi ni vyuo vya kawaida. Wana sheria ya 1973 na nyingine ya 1990 za kulinda watu wenye ulemavu, na kwa sababu hiyo vyuo vina ofisi maalum ya mambo haya. Mwanafunzi anapeleka ripoti yake ofisini, anapangiwa anachostahili. Rais wa chuo huenda hajui hata jina lake. Akistaafu anafanyiwa sherehe Ijumaa, na Jumatatu kijana anaenda dirisha lilelile. Mwalimu, nyinyi hamhitaji Florida, mnahitaji dirisha.

Bw_Hesabu

Hiyo ya mteja kusoma vipimo kwa sauti naiba. Nina vijana wasio na disleksia yoyote na bado wanakosea.

Mwalimu_wa_Stima

Asanteni sana. Nimeongea na Madam leo mchana. Kwanza alicheka, akasema hakudhani kuna wa kuuliza. Kisha akafungua droo akanionyesha daftari la mistari lenye majina ya wanafunzi na vifupisho vyake mwenyewe, ambavyo hata mimi sikuvielewa. "K" kumbe ni anayechoka akiandika sana, si anayesomewa. Tumekubaliana tuketi Jumanne na afisa wa mitihani, Madam asome, sisi tuandike.

Cherehani, hilo la "wale wa chumbani" nilimpelekea kama ulivyolisema. Alinyamaza kidogo, akasema fomu ya wote iwe ukurasa wa kwanza wa hizo kanuni. Ratiba ya namba amekubali papo hapo.

Fungu la bajeti ndilo mtihani. Mhasibu anasema mwaka huu limefungwa, lakini kamati ya kuaga imekusanya zaidi ya ilivyotarajia, nami nimependekeza pesa za kibao cha ukumbi zilipe wasomaji muhula wa kwanza mpaka bajeti mpya ipite. Mzee wa bodi hajanisalimia tangu mkutano uishe. Mpimaji, nikimaliza rasimu naomba nikutumie uipitie, hasa hapo pa ripoti za upimaji. Nina wanafunzi ambao hawajapimwa kabisa, na wazazi wao wanadhani Kasarani utalipa kama hospitali ya kibinafsi.