Tupeane uzoefu: sanamu gani ya mjini iliwahi kuwagombanisha watu huko kwenu?

Mzee wa Kirumba
Wakuu salaam. Jana nimepita pale kipilefti cha samaki hapa Mwanza, chenye ile sanamu ya samaki, nikamkuta dogo anampiga picha mama yake, mama anacheka mpaka basi, roho yangu ikafurahi. Halafu nikakumbuka kuna sanamu zingine watu hawataki hata kuzitazama, hizi za kisasa, vyuma vimepindwapindwa, huelewi ni ndege au ni mtumbwi. Uliyeshuhudia ya kwenu ikifunuliwa, watu walisemaje? Mwaga hapa.

Dada Pasiansi
Kwetu walisema ni freemason siku hiyohiyo, hata turubai halijakunjwa.

Nyamagana Damu
Mimi bado inaniuma ile ya Mwalimu kule Addis Ababa, makao makuu ya Umoja wa Afrika, Februari 2024. Baba yangu alimwona Nyerere kwa macho yake, kaangalia picha ya ile sanamu kanirudishia simu, kasema "huyu simjui".

Fundi Geti
Niliapa sitaongelea hili ila uzi umenigusa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, mageti, madirisha, trela za trekta. Miaka kadhaa nyuma mji mmoja hukuhuku kando ya ziwa, siutaji, nikapewa kazi ya kuweka kitu katikati ya kipilefti kipya, wakaniambia wanataka cha kisasa. Nikaenda mwaloni siku tatu, nakaa tu, nawatazama kina mama wanavyoanika dagaa, ule mkono unavyotawanya, mgongo ulivyoinama toka asubuhi. Nikamtengeneza mama ameinama, mwili wote nondo na vyuma bapa, mkono mmoja umetupwa mbele, uso sikumwekea, nilikunja bati la duara likabaki tupu kwa sababu nilitaka kila mama apitaye ajione yeye. Miezi miwili, macho yanawasha kwa moto. Sasa hela ya rangi ya mwisho haikuja, wakaisimamisha ikiwa na ile nyekundu ya kuzuia kutu tu. Hebu fikirieni, asubuhi watu wanaamka wanakuta mwanamke mwekundu, hana uso, ameinamia barabara. Ikaitwa Mama Damu. Siku ya tano bodaboda akagongwa na kenta palepale, alivunjika mguu, hakufa, lakini mpaka jioni mji mzima unasema ameanza kudai kafara. Usiku nikapigiwa simu nikakimbia na mke wangu, tukakuta kamba imeshafungwa shingoni, kenta inavuta, watu wanashangilia, mimi napiga kelele jamani huyo ni mama wa dagaa, ni nyie hao! Hakuna anayesikia. Ilipoanguka mkono ukakatika. Kuna mama mmoja muuza dagaa alikuwa pembeni hajashangilia, akanisogelea akasema, "Mwanangu, si ungekuja kutuambia ni sisi, tungeipaka rangi wenyewe." Sijawahi kulia mbele ya mke wangu kabla ya siku ile.

Dada Pasiansi
Pole sana kaka. Nimesoma nimetetemeka.

Mtumishi wa Buhongwa
Pole fundi, ila tuseme ukweli, kitu kisicho na uso kinatisha. Na maandiko yamekataza sanamu.

Nyamagana Damu
Mtumishi hebu acha, yamekataza kuziabudu! Nani aliabudu mama wa dagaa? Mbona kipilefti cha samaki unapita kila siku hukemei?

Mtumishi wa Buhongwa
Samaki namjua. Ndiyo tofauti yenyewe.

Jaluo wa Sirari
Fundi, nilikuwa Kisumu 2015 walipouangusha mnara wa Masingasinga, ule wa kuadhimisha miaka 100 ya hekalu lao. Waandamanaji walikuwa wanaimba eti ni wa shetani. Nina rafiki Singasinga, babu yake kazaliwa Kisumu, siku hiyo hakufungua duka. Nilikosa la kumwambia mpaka leo.

Mwalimu wa Sanaa
Chicago 1967 Picasso, yule msanii maarufu, aliwapa sanamu ya chuma kubwa kama ghorofa tano, hakuipa jina wala kueleza ni nini. Watu walikasirika, diwani mmoja akataka iondolewe iwekwe ya mchezaji wa besiboli. Leo watoto wanateleza pale chini kwenye mteremko wake. Kwa hiyo fundi ushauri wangu, sanamu ipewe muda, watu watazoea.

Nyamagana Damu
Si zote mwalimu. New York kulikuwa na mchongaji mmoja, Richard Serra, 1981 aliweka ukuta wa chuma zaidi ya mita 36 katikati ya uwanja wa ofisi za serikali, wafanyakazi wakawa kila siku wanauzunguka. Kesi juu ya kesi, 1989 ukakatwa ukaondolewa. Miaka nane haikutosha kuzoea.

Mama Kisesa
Nendeni Bujora, makumbusho ya Wasukuma, mkaone. Kuna jengo lina umbo la kiti cha mtemi, na kanisa la mviringo kama nyumba ya Kisukuma, na hakuna anayeogopa, kwa sababu bibi akifika anamweleza mjukuu hiki ni kiti, hii ni ngoma. Fundi ungeanza na wale wamama, ukawapeleka karakana wakaishika.

Boda Igoma
Ungeipaka bluu ya ziwa tu yakaisha 😂 na macho makubwa mawili!

Fundi Geti
Macho singeweka hata leo. Ila Mama Kisesa umesema kweli, siku tatu nilikaa na wale wamama na hakuna hata mmoja niliyemwambia naangalia nini.

Mzee wa Kirumba
Fundi, ule mkono uliishia wapi?

Fundi Geti
Ninao hapa karakana, nimeuegemeza ukutani. Mwili walishauuza skrepa.

Dada Pasiansi
Kaka mama yangu ameanika dagaa miaka thelathini. Naweza kumleta auone?

Fundi Geti
Mlete dada. Jumamosi, kabla jua halijawa kali. Nitazima mashine.