Tupeane uzoefu: sanamu za kuchezea za filamu za fantasia za mtindo wa zamani, zinavyokatika, zinavyonata na zinavyoghushiwa

Fundi Kiungo (mleta mada)
Wakuu, kuna picha imezunguka jana ya sanamu ya Skeletor, yule adui wa He-Man, aliyekatika mguu. Watu wanatoa pole tu, hakuna anayesema kilichomkata. Uzi huu ni wa hilo: kilichoharibika, kwa nini, na dawa yake. Zinahusika zote: za Mattel za Clash of the Titans (1981), za Knickerbocker za Lord of the Rings (1979), He-Man na wenzake, na hizi mpya zenye sura ya kale, yaani ReAction za Super7 na Origins za Mattel (2020). Habari za bibi aliyetupa boksi zipelekwe uzi mwingine.

Mama Kabati
Huo mguu haujakatika. He-Man na Skeletor wa 1982 wana urefu wa kama sentimita 14 na miguu yao haikugundishwa. Kila mguu una ndoano kwenye nyonga, na ndoano mbili zinavutana kwa mpira mmoja unaopita ndani ya kiuno. Mpira ukizeeka sanamu inasimama kama mlevi, ukikatika mguu unadondoka. Aliyekufa ni mpira.

Dawa: toa mabaki ya mpira kwa koleo ndogo. Tafuta pete ya mpira kwa fundi bomba, iwe fupi kidogo kuliko upana wa kiuno ili ikae imevutika. Itie kwenye ndoano ya mguu mmoja, ipitishe kwa waya uliokunjwa, itokeze upande wa pili, nasa ndoano ya pili kisha achia taratibu. Mpira wa kufungia noti unafanya kazi, ila kwa joto la pwani hautachukua muda kuoza. Na gundi usiguse kabisa. Gundi ikishaingia humo, kiungo hicho ndiyo basi tena.

Pwani Kavu
Naunga mkono, hasa hapo kwenye gundi.

Mama Kabati
Nimesahau: msiwatumbukize majini wazima wazima. Kiuno kile kikizungushwa kinarudi chenyewe kwa sababu ndani mna springi ya chuma. Maji yakiingia hayatoki, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa kutu haichelewi. Kitambaa chenye unyevu na mswaki laini vinatosha.

Jicho la Rangi
Hilo la mpira ni dogo. Balaa liko kwa hizi mpya za ReAction za sentimita 9.5. Zina viungo vitano tu: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Wengi wanadhani uchache wa viungo ni usalama. Thubutu! Rangi hupakwa mpaka ukingoni mwa bega, ikikauka inashika mkono na kifua kama kitu kimoja. Mtu anafungua kadi, yaani kadibodi yenye kifuniko cha plastiki inayouziwa sanamu, anamshika shujaa, anauinua mkono ili upanga uende juu. Mkono unagoma. Anaongeza nguvu. Kidole gumba kinahisi kitu kimelegea na anafurahi kwamba umeachia, kumbe ulioachia ni ule mhimili mwembamba wa ndani, umejisokota kama mswaki wa mti mbichi. Unaona weupe kwenye mkunjo wa plastiki. Weupe huo ukishatokea umechelewa, mzunguko unaofuata mkono unabaki kiganjani.

Utaratibu ni huu. Kabla ya kugusa kiungo chochote, chovya bega kwenye maji ya moto yasiyochemka kwa sekunde 30 hadi 60, au tumia draya ya nywele kwa umbali wa shubiri. Zungusha kidogo mbele, kidogo nyuma, kama unafungua kifuniko cha chupa ya dawa. Likigoma rudisha kwenye moto. Likiachia, weka tone moja la mafuta ya silikoni kwa ncha ya kijiti. Mafuta ya petroli na dawa za kulegeza nati acheni kwenye gereji, yanakula rangi na plastiki.

Panga zilizopinda ni hivyo hivyo: maji ya moto, nyoosha kwa vidole, kisha maji ya baridi palepale ili zishike umbo.

Kijana wa Kadi
Ndiyo maana sisi hatufungui. 😎

Jicho la Rangi
Na kifuniko chako cha plastiki kinageuka njano ukiwa unatabasamu.

Kijana wa Kadi
Kikiwa gizani kinachelewa. Kadi iwe kwenye boksi la akriliki, mbali na dirisha, pakiti mbili za silika ndani, uzibadilishe zikishiba unyevu. Bila hivyo kadibodi inajikunja na kifuniko kinaanza kubanduka kutoka chini.

Sokoni Saa Tano
Kubanduka ndiko wanakoingilia matapeli. Kabla ya kulipa, angalia ukingo wa kifuniko kwa tochi ya pembeni. Cha kiwandani kimebanwa sawasawa pande zote. Kilichorudishwa kina gundi inayong'aa, mawimbi, au nyuzi za karatasi zilizochanika chini yake. Silaha nazo zichovye majini: za asili za kampuni ya Kenner zinaelea, za kughushi zinazama.

Mama Kabati
Hapo unapotosha watu. Zipo za asili zinazozama na za kughushi zinazoelea. Hilo jaribio ni dokezo tu. Linganisha kingo, uzito wa mshiko na alama ya kalibu dhidi ya nyingine iliyothibitishwa.

Sokoni Saa Tano
Sawa mama, dokezo. Lakini dokezo hilo limeokoa hela.

Chakubanga Mwekundu
Samahani, Kenner ni Star Wars. Star Wars ni fantasia tangu lini?

Mrina Asali
Kuna mzee mchawi, binti mfalme, upanga wa ukoo na ngome ya adui. Ulitaka na jini?

Chakubanga Mwekundu
Kuna roketi, mkuu. Roketi!

Mrina Asali
Umetaja roketi, basi sikilizeni. Mwaka 1979 Kenner walitangaza sanamu ya Boba Fett, mwindaji wa Star Wars, anayefyatua kombora mgongoni. Hakuwa dukani, ulituma vithibitisho vinne vya ununuzi, unaletewa kwa posta. Kabla hawajaanza kutuma, mtoto mmoja Marekani alikuwa amekabwa na kombora la chombo cha kuchezea cha Mattel, cha kipindi cha Battlestar Galactica, akafariki. Kenner wakaligundisha kombora la Boba Fett. Yaliyobaki ya kufyatua ni majaribio ya kiwandani tu, yanatambulika kwa mfereji wa kitufe mgongoni: mmoja una umbo la L, mwingine la J. Mwaka 2024 jaribio moja lililopakwa rangi kwa mkono liliuzwa kwenye mnada wa kampuni ya Heritage kwa dola 525,000.

Pwani Kavu
Laki tano na ishirini na tano elfu za DOLA?

Kijana wa Kadi
Kuna mtu anauza mmoja kwa dola 60, anasema alimkuta stoo. Nimchukue?

Mrina Asali
Mchukue kama pambo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumfikia mteja, kwa hiyo "stoo" hiyo labda iwe ya kiwanda chenyewe.

Fundi Kiungo
Jamani, turudi kwenye mada. Za kunata je?

Jicho la Rangi
Kunata ni kilainishi cha PVC kinachotoka nje. Osha kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, futa, acha hewa ipite. Usifungie kwenye mfuko usiopumua. Na joho laini la PVC lisilale juu ya stendi ya plastiki ngumu, litaiyeyusha na kuacha alama isiyotoka. Mifuko iwe ya polipropilini.

Mrina Asali
Kwa waliogeuka njano: krimu ya haidrojeni peroksaidi ya saluni, asilimia 12, ile wanayoiita volyumu 40. Vaa glavu, paka sehemu zisizo na rangi, funga kwa nailoni ya jikoni ili isikauke, weka juani saa nne hadi nane ukigeuza kila saa. Ikikauka kwa mabaka, mabaka yanabaki.

Mama Kabati
Na baada ya muda njano inaweza kurudi. Waambie na hilo.

Mrina Asali
Mvi nazo zinarudi, mbona watu wanapaka?

Sokoni Saa Tano
Tahadhari kwa wanaotafuta za filamu ya He-Man ya 1987: wapya wa filamu walikuwa watatu, Blade, Saurod na Gwildor. Saurod anatoa cheche mdomoni, kwa hiyo jaribu gurudumu la cheche kabla ya kulipa. Gwildor bila ule ufunguo wake ni nusu bei.

Pwani Kavu
Mwenye Skeletor wa ile picha nipo hapa. Nimefungua, mpira ni mzima. Ndoano ndiyo imekatika.

Mama Kabati
Basi pete haitakusaidia. Tafuta Mer-Man aliyechakaa, yule mwenzake Skeletor wa kijani, kalibu ya miguu ni ile ile. Utabaki tu na mguu mmoja wa kijani.

Kijana wa Kadi
Skeletor mwenye mguu mmoja wa kijani? Akikamilika usimuuzie mtu, nipigie mimi kwanza.