Kuchonga kiumbe wa kubuni kwa kufuata maumbile ya chura wa Kihansi

Swali
Habari zenu, wakuu. Ninachonga katika Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo ya 3D, kiumbe wa kubuni anayetokana na chura wa Kihansi, yule mdogo wa rangi ya manjano wa kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi hapa Tanzania. Umbo la jumla limekubali, lakini kila ninapoongeza vinundu vya ngozi, mwili unaonekana kama plastiki. Nirekebishe wapi?

Jibu la kwanza
Ndugu, iache ngozi kwanza, kwa sababu mifupa ndiyo inayomfanya mtazamaji amwamini kiumbe. Paja na muundi vya chura hukaribiana kwa urefu, na mifupa ya kifundo imerefuka kiasi cha kuwa kipande cha ziada cha mguu, ndiyo maana akichutama mguu hujikunja na kujikunja tena. Miguu ya mbele ina vidole 4, ya nyuma 5. Hayo yakikaa sawa, tumia Remesh (husawazisha wavu wa uso wa umbo), kisha Multiresolution (huugawa wavu huo uwe mwembamba zaidi ili uchonge vitu vidogo) hatua kwa hatua. Vinundu vije mwisho kabisa, na visitawanywe kwa usawa mwili mzima.

Jibu la pili
Naongeza jambo moja. Chura huyo hana sikio la nje, na huzaa watoto badala ya kutaga mayai. Ngozi ya tumbo la jike hupenyeza mwanga hata watoto huonekana ndani. Ningekuwa wewe, ningemjenga kiumbe mzima juu ya sifa hiyo: pandisha Subsurface (kiasi cha mwanga unaopenya chini ya ngozi) tumboni, na ushushe Roughness (ukavu wa uso) ili ngozi ionekane imelowa.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Ninaanza upya na miguu ya nyuma.