Cheni inaruka meno nikipanda mlima, naomba ushauri

Wakuu habari zenu, niko Uyole hapa Mbeya, nina pikipiki ya zamani cc 125 niliachiwa na baba mdogo, naipenda sana sitaki kuiuza. Sasa nikibeba viazi kutoka Isyonje cheni inaruka meno, nikikaza leo baada ya siku tatu imelegea tena, na nikiweka stendi kubwa nizungushe tairi kwa mkono kuna sehemu inakaza kabisa kuna sehemu inaning'inia. Fundi anasema nibadili cheni tu, ila sproketi ya nyuma (lile gurudumu la meno linaloshika cheni) meno yamechongoka kama msumeno, si itaila na hiyo mpya? Halafu spoki mbili zimelegea rimu inayumba, naweza kuzikaza mwenyewe? Na oili chafu tunayopaka kwenye cheni, kwa vumbi la huku inafaa kweli?