Timu ya besiboli imeanza msimu kwa kishindo: ni nguvu ya soda au itafika? Tupeane uzoefu

#1 (mleta mada)
Wakuu, karibu kila msimu wa ligi kuu ya Marekani huibuka timu ambayo hakuna aliyeitegemea, inashinda mfululizo Aprili, na watu wanaanza kuipa ubingwa. Mwaka 2023 Tampa Bay Rays walianza kwa kushinda mechi 13 bila kupoteza hata moja. Mwaka huohuo Pittsburgh Pirates walifikisha ushindi 20 na vipigo 8. Rays walimaliza na ushindi 99. Pirates walimaliza 76-86 (ushindi 76, vipigo 86) na hatua ya mtoano hawakuiona. Mnaofuatilia kwa karibu, mnazitofautishaje mapema? Naomba hesabu, ushabiki tuuweke kando.

#2
Anza na mikimbio (pointi anayopata mchezaji akizunguka besi zote hadi nyumbani), ushindi uje baadaye. Ni kama tofauti ya magoli kwenye soka, ila hapa mechi ni 162 kwa hiyo inasema mengi zaidi. Chukua mikimbio waliyofunga, zidisha kwa yenyewe. Fanya hivyohivyo kwa waliyofungwa. Jumlisha majibu hayo mawili, kisha gawa lile la kwanza kwa jumla. Unapata sehemu ya mechi ambazo timu ilistahili kushinda. Kanuni ni ya Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli. Siku hizi wengi hutumia kipeo cha 1.83 badala ya 2, lakini majibu hayaachani sana.

Mfano mzuri ni Baltimore Orioles 2012. Walifunga 712, wakafungwa 705. Hesabu inatoa 0.505, yaani ushindi 82. Wao walishinda 93! Hizo 11 za ziada zilitokana zaidi na mechi zilizoamuliwa kwa mkimbio mmoja, ambako walikuwa 29-9. Msimu uliofuata mechi za aina hiyo zikawageuka, 20-31, na ushindi ukashuka hadi 85. Timu inayoponea mkimbio mmoja kila siku usiiamini Aprili.

Rays hawakuwa hivyo. Mechi zao 9 za kwanza walishinda kila moja kwa mikimbio 4 au zaidi. Bahati peke yake haifiki hapo.

#3
Mkuu #2, sawa kabisa, ila tazama walicheza na nani. Zile 13 ziliwakuta Tigers, Nationals, Athletics na Red Sox, na wote wanne walimaliza msimu wakiwa na vipigo vingi kuliko ushindi. Athletics walikuwa 50-112. Mechi ya 14 walikutana na Toronto, na hapo ndipo mfululizo ulipokatika.

#4
Njia ya haraka ya kutabiri: kwenye rekodi ya sasa ongeza ushindi 35 na vipigo 35, kisha tafuta wastani. Kwa nini 70? Kwa sababu timu inahitaji takriban mechi 70 ili rekodi yake ibebe uwezo nusu na bahati nusu.

Pirates, 20-8: 55 gawa kwa 98 ni 0.561. Zidisha kwa mechi 134 zilizobaki, unapata 75, jumla ushindi 95. Mbona walipata 76? Kosa liko kwenye kuichukulia kila timu kuwa ya wastani. Pirates walitoka kupoteza mechi 100 msimu wa 2022. Kwa kiwango hicho, mechi 70 za kuongeza ziwe 27-43, na jibu linashuka hadi 84. Bado liko juu, lakini angalau huuzi nyumba kwenda kukata tiketi za fainali.

#5
Kwa wachezaji mmojammoja: toa homurani (mipira iliyopigwa hadi nje ya uwanja), halafu uangalie mipira iliyobaki ndani ya uwanja. Kwa kawaida karibu 30 kati ya 100 huwa pigo salama, yaani mpigaji anafika kwenye besi. Kikosi chenye wapigaji watatu walio kwenye 38 lazima kitashuka. Kinachoaminika mapema ni mara ngapi mpigaji anatolewa kwa straiki tatu. Zamu 60 hivi za kupiga zinatosha kuonyesha mwelekeo. Besi za bure (mpigaji kupewa besi baada ya mrushaji kukosa shabaha mara nne) zinataka kama 120. Mrushaji naye mpime kwa hayo hayo. Anayeruhusu mikimbio michache huku hatoi watu kwa straiki anabebwa na wadakaji wake na upepo.

#6
Mnasahau mikono ya warushaji, na hapa ndipo timu nyingi za Aprili hufia. Mechi 162 kwa awamu 9 za kurusha kila moja ni awamu 1,458. Hata warushaji watano wa kuanza wakirusha 150 kila mmoja, hizo ni 750 tu. Nusu iliyobaki nani anarusha? Kabla ya kusifu, hesabu mrushaji wa sita, wa saba na wa nane waliopo ligi za chini, na kama wameshawahi kurusha ligi kuu.

Rays tena: mrushaji wao Jeffrey Springs aliumia kiwiko katika ushindi wa 13 wenyewe, akaishia kufanyiwa upasuaji. Wakafuata kuumia warushaji wenzake Drew Rasmussen na Shane McClanahan. Kufikisha ushindi 99 huku ukiwapoteza hao watatu njiani ni kazi kubwa sana, inayostahili heshima. Oktoba kwenye mtoano wakapoteza mechi mbili kwa bila mbele ya Texas Rangers, waliokwenda kutwaa ubingwa.

#7
Kwa kumbukumbu: tangu mwaka 1900, waliowahi kuanza 13-0 kabla ya Rays ni Atlanta 1982, walioshinda 89 na kutwaa kundi lao, na Milwaukee 1987, ambao Mei ileile walipoteza 12 mfululizo, wakamaliza na 91 na kubaki nje. Detroit 1984 walianza 35-5 na wakawa mabingwa. Washington 2019 walikuwa 19-31, na kombe wakabeba.