Tuthibitisheje kwamba nembo ya unga wetu inatumika?

MamaUji_Kisumu: Habari zenu. Mimi na dada yangu tunasaga unga wa uji, wimbi na mtama, tunauza Kibuye, Luanda na maduka kadhaa ya Kakamega. Nembo tuliisajili KIPI, ofisi ya serikali inayosajili alama za biashara, mwaka 2017 katika makundi mawili ya bidhaa: daraja la 30 kwa unga, na la 3 kwa sabuni ambayo bado hatujaanza kutengeneza. Sasa wakili wa kampuni fulani ametuandikia kwamba nembo haitumiki, tuiachilie au waombe ifutwe. Jina hili ndilo wateja wanalotaja dukani, siwezi kuliachia hivi hivi. Binamu yetu wa Marekani anasema tulipaswa kupeleka tamko la matumizi mwaka wa sita. Ni kweli? Wateja wetu wengi hulipa kwa M-Pesa.

Bosi_Nakuru: Usiogope mama. Lipia usajili upya tu, hakuna atakayekugusa.

Rejista_na_Haki: Bosi, hapo sikubaliani nawe. Kulipia kila miaka 10 kunaibakiza nembo kwenye rejista, lakini hakumzuii mtu kuomba ifutwe. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, kinamruhusu aliyeathirika kwenda kwa Msajili au mahakamani ikiwa nembo haijatumika kwa dhati miaka 5 mfululizo, ikihesabiwa hadi mwezi mmoja kabla ya ombi. Mauzo ya kukurupuka ndani ya mwezi huo wa mwisho hayahesabiki.

Tamko la kati ya mwaka wa 5 na wa 6 ni la Marekani. Kwetu halipo. Ushahidi utautoa ukipingwa, kwa hati ya kiapo yenye vielelezo.

Mama, ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa zimeingia, hauonyeshi zimelipia nini. Uambatanishe na ankara ya siku hiyo iliyoandika jina la unga, si "unga kilo 20" tu. Ongeza ankara za aliyekuchapishia mifuko, oda za maduka, kibali cha KEBS (shirika la viwango) kama kinataja jina hilo, na mfuko wenyewe wenye tarehe ya kusagwa. Mfuko usio na tarehe hauonyeshi uliuzwa lini. Chukua za kila mwaka, hata chache, kuliko rundo la mwaka huu pekee.

Sabuni itolewe tu. Nembo inaweza kufutwa kwa bidhaa moja ikabaki kwa nyingine, na mkiing'ang'ania mtadhoofisha hoja yenu ya unga.

Vihiga_Juu: Na aliyefunga kinu mwaka mzima wakati wa korona?

Rejista_na_Haki: Mwaka mmoja si miaka 5. Isitoshe sheria inazingatia hali maalum ya biashara yenyewe, kama serikali kupiga marufuku bidhaa. Kukosa mtaji ni shida ya mwenye nembo, usiitegemee.

MamaUji_Kisumu: Asante sana, Mungu akubariki. Mchapishaji amekubali kututafutia ankara zake. Ila risiti za mashine za 2021 zimefifia, tarehe haisomeki.

Rejista_na_Haki: Zile zinazosomeka zipige picha leo hii. Kwa zilizofifia, yaombe yale maduka yachapishe taarifa ya akaunti yenu, yaigonge muhuri. Na barua ya wakili msiijibu wenyewe. Tafuteni wakili wa alama za biashara kabla hamjasaini chochote.